Nilichomwambia Mzee Mwadime

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Mwadime huko Mraru, na siku ya pili yake, wageni wengi walipokwisha kuondoka, nilirudi nyumbani kwake peke yangu. Nilikuwa nimeketi mazishini siku nzima bila kusema neno nililokwenda kulisema. Nina umri wa miaka hamsini na moja. Nimefundisha Kiingereza katika shule za Voi kwa miaka ishirini na sita, na siku hizi nikisahihisha insha kumi tu mkono huniuma kuanzia kiganjani hadi begani, na daktari ananiambia nipumzike kana kwamba mapumziko ni kitu cha kununua dukani. Watu huniuliza nilianzaje kukipenda Kiingereza. Mimi huwajibu kwamba nilipata mwalimu mzuri nikiwa msichana. Ni kweli, lakini ni ile kweli ambayo mtu huitoa ili asiulizwe zaidi. Mwaka huo nilikuwa kidato cha pili, nina miaka kumi na mitano, na mengi niliyoyafanya baadaye, mazuri na mabaya, nayaona yakianzia katika wiki mbili za likizo ya Agosti mwaka huo.

Kambi ya Kiingereza ilifanyika Mghange, juu milimani, katika shule ya bweni ya wasichana iliyokuwa imefungwa kwa likizo. Watu wa kanisa waliiandaa pamoja na marafiki zao wa ng'ambo, na kila shule ilitoa wasichana wawili au watatu, Wakristo kwa Waislamu. Mimi ni mtoto wa Voi, nimezoea vumbi jekundu na joto la kulala madirisha wazi. Mghange niliona pumzi yangu mwenyewe ikitoka kinywani kama moshi, nikadhani ninaumwa. Bweni letu lilikuwa na vitanda vya chuma ishirini, magodoro yamebonyea katikati, na dirisha moja lililokosa kioo lilikuwa limezibwa kwa kadibodi ya sabuni. Asubuhi ukungu ulipenya kwenye ile kadibodi ukakaa juu ya vitanda, na tukiamka tulikuta sweta zetu zina unyevu na zinanuka kondoo. Tulikwenda kuoga tukikimbia na tukarudi tukikimbia. Sijawahi kupata usingizi kama ule tena. Siku hizi huamka saa tisa alfajiri na kusikiliza malori yakipita barabarani hadi kunapambazuka, na mara nyingine hujaribu kulirudisha lile bweni kichwani, kitanda baada ya kitanda, nani alilala wapi, mpaka nifike kitanda cha Saru, hapo huacha.

Saru alikuwa binti wa Mzee Mwadime wa Mraru. Kitanda chake na changu vilikuwa vimeshikana, na siku ya kwanza alipoona ninatetemeka alinitupia blanketi lake moja, akalala na lililobaki. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, ana mwanya, na Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha sote. Hakukijua kwa vitabu. Alikisema tu bila woga, akikosa neno anaonyesha kwa mikono, na akikosea anacheka kabla sisi hatujamcheka. Mimi nilikuwa kinyume chake. Nilijua sarufi yote na nilikuwa naogopa kufungua mdomo. Nyumbani kwetu Voi, na shuleni, sikuwa na rafiki wa kweli. Nilikuwa mtoto wa kukaa kaunta ya duka la nyumbani na kitabu. Kwa siku tatu za mwanzo Saru alinivuta mkono kila tulikokwenda, na siku ya nne nilijikuta ninamvuta yeye.

Sheria ya kambi ilikuwa Kiingereza tu, tangu uji wa asubuhi hadi chakula cha jioni. Aliyenaswa akisema lugha nyingine hakuchapwa wala kuvishwa kitu shingoni kama ilivyokuwa desturi ya shule zetu. Alipandishwa juu ya benchi wakati wa chakula cha jioni asimulie hadithi kwa Kiingereza, yoyote aipendayo, na sisi tukila tunamsikiliza. Sheria hiyo aliiweka mwalimu wetu mkuu wa lugha, mwanamke wa Kizungu tuliyemwita Misi Ruth, mtu mzima, mwembamba, aliyevaa soksi ndani ya makubazi na kutembea kama mtu anayechelewa. Kiswahili hakukijua zaidi ya salamu, na hata hizo alizipanga vibaya. Saru alikuwa akivunja sheria makusudi. Akiona jioni inakaribia na hakuna aliyenaswa, anapita karibu na Misi Ruth na kusema kwa sauti, "Leo sukuma wiki ina chumvi." Misi anamshika bega, anajifanya amekasirika, na jioni Saru yuko juu ya benchi anatusimulia jinsi ndovu walivyoingia shambani kwao, baba yake akapiga sufuria hadi ikatoboka, na mama yake akamwambia, sasa ndovu wamekula mahindi na wewe umekula sufuria. Tulicheka hadi Mama Mghoi, mpishi, akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini, na kwa kuwa yeye hakujua Kiingereza, hatukuruhusiwa kumweleza.

Jikoni kwa Mama Mghoi ndipo palipokuwa na joto. Tulipangiana zamu za kuchambua maharagwe kule, na hakuna aliyekwepa zamu yake. Kuni za mkaratusi zilinukia hadi kwenye nywele. Mara mbili kwa wiki alipika kimanga, mihogo na maharagwe vikipondwa pamoja hadi vinakuwa kitu kimoja kizito, na alitupakulia kwa kukigonga kijiko kwenye sahani kama fundi anayepiga lipu. Sisi Waislamu tulikuwa watatu, na siku za nyama ambayo hatukujua imechinjwa na nani alitukaangia mayai kabla hatujaomba. Nilimsikia siku moja akimwambia msaidizi wake, kwa Kiswahili, akidhani tumetoka wote, "Hawa watoto wanafurahi hapa kama watu waliofunguliwa kamba. Wakirudi kwao, hiyo furaha wataiweka wapi?" Nilikuwa nyuma ya mlango na karai la maharagwe. Sikuwa nimejua mpaka hapo kwamba ninafurahi. Nilikuwa sijaipa furaha hiyo jina.

Wiki ya pili tulianza kutayarisha mchezo wa kuigiza wa kufunga kambi, ambao ungechezwa Ijumaa mbele ya wazazi na wageni. Tuliutunga wenyewe. Ulikuwa kesi mahakamani: ndovu ameshtakiwa kwa kula mahindi ya mkulima. Saru alikuwa ndovu, amejifunika mablanketi mawili ya kijivu, mkono mmoja ndio mkonga. Mimi nilikuwa wakili wake. Mimi, niliyeogopa kufungua mdomo, nilisimama mazoezini mbele ya hakimu nikauliza kwa Kiingereza ni nani aliyefika kwanza pale Mraru, mkulima au ndovu, na nyuma yangu Saru akapiga kelele ya ndovu ya kusikitisha hata hakimu akasahau maneno yake. Misi Ruth alikaa sakafuni akafuta macho. Aliniita kando akaniambia kwamba nina sauti, na kwamba nisikubali mtu yeyote aniambie sina. Nimewaambia wanafunzi wangu maneno hayohayo kwa miaka ishirini na sita. Wengine wameyaamini. Kila nikiyasema hujiona kama mtu anayegawa kitu alichookota.

Jumatano ya wiki hiyo wenzangu wote walipelekwa msituni na Mwalimu Mwakio, msimamizi wa kambi, wakaandike juu ya miti na ndege. Mimi tumbo liliniuma, yale maumivu yetu ya kila mwezi, nikabaki. Misi Ruth naye alibaki kusahihisha. Mama Mghoi alikuwa ameshuka sokoni, amemwacha msaidizi wake na sufuria ya kimanga. Yapata saa sita mwanamume mmoja aliingia uani akiwa ameshika kofia. Alikuwa na vumbi hadi magotini. Misi Ruth alimsalimu kwa salamu zake zilizopinduka, naye akajibu kwa adabu, kisha wakabaki wanaangaliana. Misi akaniita.

"Mimi ni baba yake Saru," alisema. "Wewe ni nani, mwanangu?"

"Zuhura. Ni rafiki yake."

"Alhamdulillahi," alisema, ingawa hakuwa Mwislamu, alisema kwa ajili yangu. "Basi nisaidie kumwambia Misi. Mama yake Saru yuko hospitali Voi tangu Jumapili. Ana kitu tumboni. Kesho saa nne gari la hospitali linampeleka Mombasa apasuliwe. Amesema hapandi gari hajamwona Saru. Nimekuja kumchukua mtoto."

Nilimwambia kwamba Saru yuko msituni, watarudi saa kumi. Alifikiri kidogo. Gari la kushuka lilikuwa saa nane, na halikuwapo jingine siku ile, na mkewe alikuwa peke yake wodini. "Basi muulize Misi," alisema, "kama wanaweza kumleta kesho mapema. Afike kabla ya saa nne. Hilo tu."

Misi Ruth aliniangalia akingoja. Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba Kiingereza changu kilikuwa bado kichanga, kwamba maneno yalinipotea. Nilimweleza hivyo hata mume wangu, mara ya pekee nilipokaribia kumwambia mtu. Si kweli. Somo la Jumatatu lilikuwa la mambo ya hospitali. Neno la upasuaji nililiandika mimi mwenyewe ubaoni, na Misi akanisifu hati. Nilikuwa na kila neno nililohitaji. Nilichoona mbele yangu ni Ijumaa bila Saru, blanketi la kijivu limekunjwa, kitanda kilichoshikana na changu kikiwa kitupu, na mimi nimerudi kuwa yule wa kaunta. Sikupanga. Nilifungua mdomo, na nikasikia sauti yangu ikimwambia Misi Ruth, kwa Kiingereza kisicho na kosa hata moja, kwamba huyu ni baba yake Saru, alikuwa na shughuli zake Wundanyi akaona apite kumsalimu binti yake, na kwamba mama ana homa kidogo lakini wasimshtue mtoto.

"Anaonekana amechoka sana," alisema Misi.

"Ametoka mbali," nilimjibu.

"Mwambie Saru ni msichana wa ajabu. Mwambie nitamtunza kama wangu."

Nikamgeukia Mzee Mwadime. "Misi anasema pole sana. Anasema Saru ataletwa kesho."

"Kabla ya saa nne?"

"Kabla ya saa nne."

Alichukua mkono wa Misi Ruth akaushika kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa. Misi alifurahi, akainamisha kichwa naye. Hakujua anashukuriwa nini. Kisha aliniagiza nimpe mgeni chakula, nikamketisha kwenye benchi refu la ukumbini, nikamletea kimanga na chai. Nilikaa naye, maana sikutaka azungumze na yule msaidizi jikoni. Alikula vijiko vichache. Aliniuliza kama Saru analala vizuri, kama anapata joto, kama anawasumbua walimu. Nilimwambia kwamba anatuchekesha wote. "Huyo ni mama yake," alisema. "Mimi sijui kuchekesha." Halafu akaniomba nimfikishie Saru salamu za mama yake, akayatamka maneno yenyewe polepole kwa Kidawida, lugha ya kwao, mara mbili, ili niyashike, kwa kuwa alijua watoto wa Voi hukisikia Kidawida sokoni. Niliyashika. Akasimama, akavaa kofia, akashuka.

Jioni nilimwambia Saru kwamba baba yake alipita kumsalimu. Alikuwa anavua viatu, majani yamemganda kwenye soksi. Alisimamisha mkono.

"Alitoka Mraru mpaka hapa kunisalimu tu?"

"Alikuwa na shughuli Wundanyi. Mama ana homa kidogo. Wamesema usiwe na wasiwasi."

Nikadhani ataniuliza tena, na kama angeniuliza tena nadhani ningesema. Lakini aliniamini. Kesho yake, Alhamisi, tulikuwa ukumbini tukifanya mazoezi. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya mlango wa jikoni, na saa nne ilipofika nilikuwa katikati ya maneno yangu ya utetezi. Niliyasema yote hadi mwisho. Ijumaa mchezo ulishangiliwa hata wageni wakasimama. Nina picha moja ya siku ile, mimi na Saru tumekumbatiana, mkonga wa blanketi umenizunguka shingoni, meno yote nje. Sijaitundika mahali wala sijaitupa.

Jumamosi tulitawanyika. Yaliyotokea niliyajua siku kumi baadaye, Voi, nimetumwa kwa fundi cherehani kuchukua sare. Kulikuwa na wanawake wawili wanangoja nguo zao, na mmoja alikuwa akifanya usafi hospitali. Alimwambia mwenzake habari za mama mmoja wa Mraru aliyefariki Mombasa baada ya kupasuliwa. "Siku ya kuondoka alikataa kupanda gari," alisema. "Alikuwa anamngoja binti yake aliyeko masomoni huko juu. Wamengoja saa nne, wamengoja saa tano. Alishika mlango wa gari, nesi akambandua vidole kimoja kimoja. Mumewe anasema yule Mzungu aliahidi." Mwenzake akasema, "Wazungu wana ahadi zao," kisha wakaendelea kuzungumzia bitana. Fundi alinipa sare nikatoka. Nakumbuka jua la nje na kwamba niliipita nyumba yetu, nikatembea hadi reli ndipo nikageuka.

Mwezi wa tisa niliitwa. Mzee Mwadime alikuwa amepeleka malalamiko kwa watu wa kanisa, si kwa hasira, alitaka tu kuelewa. Tulikutana katika ofisi ndogo Voi, yenye meza moja na makabati ya faili: Mwalimu Mwakio, Mzee Mwadime, Misi Ruth na mimi. Mzee alikuwa amekonda. Kabla sijaulizwa kitu alisema, "Huyu mtoto msimsumbue. Alinipokea vizuri, akanipa chakula, akakaa nami. Simlaumu yeye." Mwalimu Mwakio aliniuliza kama Misi Ruth aliahidi kwamba Saru angepelekwa hospitali kabla ya saa nne. Nilisema ndiyo. Alimtafsiria Misi Ruth. Niliangalia mikono ya Misi juu ya meza. Ilitulia. Nilijua akiniangalia usoni mambo yatakwisha, na aliniangalia, kwa muda mrefu, kisha akamwambia Mwalimu Mwakio taratibu kwamba huenda hakusikiliza sawasawa, kwamba alikuwa na madaftari mengi siku ile, na kwamba kosa lake hana namna ya kulilipa. Akamwomba Mzee radhi. Hadi leo sijui kama alinikinga au kama kweli alianza kujishuku, mwanamke aliye peke yake katika lugha za watu. Nimewaza yote mawili mara nyingi, na hakuna linalonipumzisha. Kabla ya Krismasi alikuwa amerudi kwao. Kambi haikufanywa tena. Aliniandikia kadi moja kupitia shule, akiuliza habari za Saru. Sikumjibu.

Saru alikaa nyumbani mwaka mzima kuwalea wadogo zake. Tulionana mara moja tu mwaka ule, kwenye bomba la maji la soko la Voi, mwezi wa kumi na moja. Hakuwa na mzaha tena. Aliniuliza swali lilelile la ofisini, "Ulikuwapo. Aliahidi?" Nikasema, "Aliahidi." Akatema mate pembeni na kusema hatafungua tena kinywa chake kwa lugha ya yule mtu. Alitimiza. Aliporudi shuleni alianguka somo lile kila mtihani, msichana aliyekuwa akikisema Kiingereza vizuri kuliko sote, na alipomaliza alikwenda Taveta, akaanza biashara ya ndizi na nyanya za mpakani, na huko amefanya maisha yake. Mimi nilipata alama ya juu kabisa. Nikachaguliwa chuo. Kila aliponisifu mtu, nilijua ninasifiwa kwa nini na kwa gharama ya nani, na hata hivyo nilipokea sifa. Hilo nalo nimechoka kuliona ndani yangu.

Basi ile siku ya pili ya mazishi nilimkuta Saru nyuma ya nyumba ya babake anasugua masufuria ya wageni kwa majivu. Mwili umemjaa, nywele zina mvi mbele, mwanya upo. Nilichukua jiwe nikakaa. Nilianza kwa maneno niliyokuwa nimeyatayarisha, kwamba nina jambo ambalo kwa muda mrefu limekuwa likinisumbua katika nafsi yangu, na akanikata.

"Usinipangie kama darasani, Zuhura. Sema."

Nikasema. Nilimwambia Misi Ruth hakuahidi kitu kwa sababu hakuambiwa kitu. Nilimwambia aliyemwambia Mzee kwamba ataletwa kesho ni mimi. Nilimwambia kuhusu Ijumaa na ndovu. Alikuwa akisugua, akaendelea kusugua sufuria ileile ambayo ilikwisha kung'aa. Aliposimamisha mkono, aliuliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Baba alikula?"

"Vijiko vichache. Kimanga na chai."

"Alisema nini tena?"

Nikampa yale maneno ya mama yake, kwa Kidawida, kama nilivyoyashika. Hayo ni yake, sitayaandika hapa. Aliinamisha uso kwenye mikono yenye majivu, na alipouinua ulikuwa na alama za kijivu za vidole.

"Yule mwanamke nimemtaja vibaya hata kwa watoto wangu," alisema. "Mtoto wangu wa pili hakwenda nje kusoma alipopata nafasi. Nilimkataza. Nilimwambia Wazungu hawatimizi ahadi." Akapumua. "Na Baba amekufa anaamini hivyo."

"Ninajua."

"Hujui. Ungejua ungekuja mwaka jana, angali anasikia."

Nilikuwa nimekuja siku ya pili ya mazishi kwa sababu yule niliyemwogopa zaidi alikuwa chini ya udongo. Saru alisimama, akafuta mikono kwenye leso, akasema, "Twende ndani ukawaambie." Nilimwomba anipe siku nyingine. Alikuwa amekwisha kutangulia.

Ndani walikuwako ndugu zake wawili, wale wadogo aliowalea, sasa wanaume wenye vitambi, na wake zao, na kwenye mkeka pembeni, amenyoosha miguu, dada mkubwa wa mama yake, bibi kizee anayesikia Kidawida peke yake. Chumba kilikuwa kidogo, viti vya kuazimwa vimepangwa ukutani, na chai iliyobaki kwenye vikombe imefanya utando. Saru hakunisaidia kuanza. Nilisimama katikati nikaanza kwa Kiswahili, tangu mwanzo. Nilipofika baba yao kuingia uani na kofia mkononi, bibi alimvuta Saru nguo kuuliza huyu mwanamke anasema nini. Saru alipiga magoti kando yake, akaanza kumtafsiria. Nilisimama kumngoja. Alimaliza, akaniangalia, akasema, "Endelea." Tukaenda hivyo, mimi sentensi moja, yeye sentensi moja. Kidawida changu kinatosha kujua kwamba hakuongeza kitu na hakupunguza. Alisema saa nne pale niliposema saa nne. Alisema "nilimdanganya" pale niliposema nilimdanganya, kwa sauti ileile, bila kulitia mkazo wala kulilainisha. Mmoja wa wale ndugu alitoka nje kabla sijamaliza, na mlango ulibaki wazi.

Nilimaliza. Bibi aliuliza kitu, na Saru akanigeukia.

"Anauliza ulikuwa na umri gani."

"Kumi na mitano," nilisema.

Saru alimwambia. Bibi aliniangalia, macho yake yana utando wa buluu pembeni. Kisha aliikunja miguu yake kwa shida, mmoja baada ya mwingine, akasogea, na kwenye mkeka kukapatikana nafasi ya mtu mmoja kuketi. Niliketi. Saru alipita mbele yetu, akaokota vikombe, akaenda navyo nje.